Msiba wa Mwoka Mikate Aliye Hai

Pietralonga, 5 Machi

Kwa Mwalimu Nunzia Lapolla,
Msimamizi wa Mazoezi ya Kazi ya Wanafunzi, Shule ya Sekondari ya Pietralonga

Mwalimu,

Mimi ni Donato Scalcione, mwoka mikate wa Mtaa wa Chemchemi. Nakuandikia kwa mkono wangu ili ujue kwamba mkono bado unafanya kazi, maana tangu Alhamisi kuta za mji huu zinasema nimekufa.

Alhamisi nilifunga tanuri nikaenda Potenza kupimwa macho. Jioni nashuka kwenye basi, mtu wa kwanza kuniona ni padri, naye akafanya ishara ya msalaba. Nikadhani ana mambo yake. Nafika nyumbani, mlango uko wazi, kioo cha sebuleni kimefunikwa shuka, na jikoni kwangu kumejaa wanawake. Mezani kuna supu ya kuku, tambi za kuoka, kahawa ndani ya chupa, yaani vile vyakula vyote ambavyo sisi hupeleka nyumba ya msiba kwa sababu wafiwa hawawashi moto. Sasa mimi naishi peke yangu, mfiwa hakuwepo, kwa hiyo walikuwa wanakula wao. Jirani yangu Bi Rosaria, ambaye ndiye ana ufunguo wangu, aliponiona akaanguka na mwiko wake mkononi. Kachubuka goti na lawama ananipa mimi.

Aliyekufa ni binamu yangu wa shambani, Mungu amrehemu. Naye ni Donato Scalcione. Tuna jina moja kwa sababu tuna babu mmoja, na kila mtoto wa kwanza wa kiume lazima apewe jina la babu, kwa hiyo ukoo wetu una akina Donato wa kumwaga. Ndiyo sababu tangu zama za wazee tangazo la msiba huandikwa jina, na chini ya jina huandikwa lile la utani. "Donato Scalcione, aliyejulikana kama Mchoma Nyasi." Hapo mji mzima unajua nani amekufa na nani aendelee kuoka mikate. Kwenye tangazo hili hakuna jina la utani. Kuna Donato Scalcione mtupu, na umri ambao kwa bahati mbaya ni kama wangu.

Nimekwenda kwa Sabina wa duka la uchapaji. Sabina nilimsimamia ubatizo, hawezi kunidanganya. Ameniambia tangazo lilipangwa, likachapwa na kubandikwa na binti uliyempeleka wewe kujifunza kazi, Ersilia Caputi, na kwamba kosa ni uzembe wake.

Mwalimu, mimi ndiye mwenyekiti wa chama cha mafundi na wenye maduka. Jumatatu ijayo tuna kikao. Nitawaomba wote wawarudishe wanafunzi wako darasani, wakajifunze kusoma kwanza. Kazi watazikuta zinawasubiri, na sisi pia, tukiwa hai.

Donato Scalcione


Pietralonga, 7 Machi

Bwana Scalcione,

Pole kwa yaliyokupata. Nimeisema pole hiyo kwa moyo mweupe, na sasa naomba unisikilize.

Sabina amemfukuza Ersilia. Alimtoa mbele ya wateja, akamwambia aache aproni mezani. Ersilia yuko mwaka wa mwisho. Bila kukamilisha saa zake za mazoezi ya kazi hataruhusiwa kufanya mtihani wa mwisho, na muda uliobaki ni mdogo kuliko saa anazodaiwa. Nimepiga hodi kwa watu watano kumtafutia nafasi nyingine. Wote wamenijibu kwa lugha moja: tunamsubiri Bwana Donato aseme.

Ukisimama kwenye kikao Jumatatu, hutamwadhibu Ersilia peke yake. Kuna mtoto kwenye gereji, kuna mwingine duka la dawa, kuna wawili kwa fundi umeme, na hawa hawakukuua. Utawakosesha wote mtihani kwa sababu ya neno moja lililokosekana ukutani.

Na kwa kuwa wewe umesema yako bila kupunguza, nami sitapunguza. Nimekuja mlangoni pako mara tatu kukuomba umchukue mwanafunzi hata mmoja. Mara ya kwanza ulisema tanuri si chekechea. Mara ya pili ulisema vijana wa siku hizi hawaamki. Mara ya tatu ulinipa mkate ukafunga mlango. Mwenyekiti wa mafundi hajawahi kumfundisha mtoto wa mtu hata kuchekecha unga, halafu ndiye wa kwanza kulalamika kwamba watoto hawajui kazi. Mimi mwalimu ningefanya hivyo darasani, wewe ungekuwa wa kwanza kuja kunipigia kelele.

Nimeambatanisha barua ya Ersilia ya kuomba radhi.

Nunzia Lapolla


Pietralonga, 7 Machi

Mheshimiwa Bwana Scalcione,

Kwa unyenyekevu mkubwa natumia nafasi hii kukuomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza kutokana na upungufu katika tangazo la tarehe 1 Machi. Natambua umuhimu wa umakini mahali pa kazi na nimejifunza kutokana na tukio hili. Naahidi kuongeza bidii ili kuwa raia mwema na mfanyakazi mwadilifu.

Wako mtiifu,
Ersilia Caputi


Pietralonga, 9 Machi

Mwalimu Lapolla,

Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Barua uliyoambatanisha haikuandikwa na binti wa miaka kumi na nane. Imeandikwa na mtu anayepokea mshahara wa serikali. "Usumbufu uliojitokeza." Mimi sikusumbuliwa, Mwalimu, mimi nilizikwa. Nusu ya mji, ile ambayo haikusikia kwamba nimerudi, ilikwenda makaburini Ijumaa ikidhani inanizika mimi, na waliofika huko wakakuta jeneza si langu walikasirika, kana kwamba nimewaibia siku.

Kuhusu mara tatu, ni kweli ulikuja. Mkate ulikuwa wa moto, hukuukataa.

Lakini wewe hujui mlichonifanyia, kwa hiyo acha nikwambie. Mtu akifa kwelikweli hajui nani alikuja msibani na nani hakuja. Mungu ameficha jambo hilo kwa sababu. Nyinyi mmelifunua. Mimi nimerudi nikiwa hai nikakuta kila mtu amekuja. Alikuja muuza samaki niliyegombana naye juu ya maegesho. Alikuja mke wa daktari, ambaye hanunui hata mkate wangu. Walikuja hata wale wa mtaa wa juu wasionipenda, nadhani kuhakikisha.

Ndugu yangu Eustachio hakuja.

Tumenyonya ziwa moja. Anakaa kwenye ngazi hizi hizi za mtaa wetu, nyumba chache juu yangu. Tulifanya kazi bega kwa bega kwenye tanuri la baba mpaka tulipokosana, na tangu hapo hatujasemezana. Tukikutana mmoja huangalia viatu vyake. Sababu haikuhusu. Ila tangazo lile lilibandikwa ukutani mwake, Mwalimu, pembeni ya dirisha lake. Alikula, akanywa kahawa yake pembeni ya jina langu lenye msalaba juu, na hakushuka ngazi. Bi Rosaria amesema hakumwona, wala mkewe, wala sahani ya kitu chochote kutoka kwake.

Kwa hiyo usiniambie tena habari ya neno moja lililokosekana. Nilikuwa naishi vizuri bila kujua hilo.

Kama binti huyo ana mdomo, aandike mwenyewe, na wewe ukae mbali na kalamu yake. Vinginevyo tutaonana baada ya kikao.

D. Scalcione


Pietralonga, 11 Machi

Mzee Donato,

Mwalimu hajui kama naandika. Barua ile ya kwanza aliniamuru niinakili nikainakili, kwa sababu nilikuwa nimechoka kulia. Hii ni yangu, na sikuombi radhi ndani yake mpaka mwisho, kwa hiyo usiharakishe.

Umeambiwa mimi ni mzembe. Sasa sikia siku yenyewe ilivyokuwa. Shule ilinipeleka kwa Sabina kujifunza kupanga kurasa na kuendesha mashine. Mkataba unasema nikae na mtu wa kunifundisha. Tangu nifike, nilichofundishwa ni ndoo ya gundi na brashi. Nimebandika wafu wa mji huu kwenye mvua na kwenye jua, peke yangu, huku wenzako wananipita wakisema "vizuri, binti, ndiyo kazi hiyo." Hatulalamiki kufanya kazi, Mzee Donato. Tunalalamika kupewa ufagio na kuambiwa huo ndio ufundi. Rafiki yangu wa gereji hajafunua boneti hata moja. Kwenye kikao chenu mnayajua haya, kwa sababu mnafanya nyinyi.

Alhamisi ile Sabina alikuwa saluni, anajiandaa kwa harusi ya mtu. Akaja mjane wa marehemu na shali yake nyeusi. Nikamuuliza jina la utani, kama tunavyouliza wote. Akasema marehemu aliitwa Mchoma Nyasi kwa sababu ya kosa alilolifanya akiwa kijana mdogo, aliteketeza malisho ya baba yake kwa kipisi cha sigara, na maisha yake yote watu walimkumbusha. Akasema, "Mwanangu, angalau ukutani asichekwe." Nikampigia Sabina simu. Nikamwambia mteja hataki jina la utani. Sabina akanijibu, "Mteja ndiye anayelipa, andika anavyotaka, mimi kichwa kimejaa dawa." Huyo ni mtoto wako wa ubatizo. Yeye alijua kwamba wewe ni Donato Scalcione. Ndiye mtu pekee kwenye duka lile aliyejua.

Mimi sikujua. Nimenunua mkate kwako tangu nikiwa sifikii meza, na sijawahi kujua jina lako. Kibao cha mlangoni kwako kimefutika, imebaki herufi moja na picha ya ngano. Nyumbani wakinituma hawasemi nenda kwa Donato. Wanasema nenda kwa Saa Mbovu. Mji mzima unakuita hivyo, kwa sababu hufungui tanuri kwa saa ile ile siku mbili mfululizo, na sisi tumechelewa shule miaka yote kwa ajili yako. Najua hakuna aliyewahi kukwambia. Kama kweli unataka kujua kwa nini ulikufa, ulikufa kwa sababu hiyo. Ningeletewa tangazo la Saa Mbovu, ningekuja mwenyewe kwako mbio kuangalia.

Sasa la mwisho. Najua wazee husema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Mimi sina jembe, nimenyang'anywa hata ndoo, kwa hiyo nitasema.

Umeandika kwamba ndugu yako hakuja. Mwalimu alinisomea. Ni kweli kwako hakuja. Alikuja kwetu, dukani. Ilikuwa Alhamisi jioni, nimebaki peke yangu nasafisha roli za mashine. Aliingia bila kofia, na tangazo lako mkononi, amelibandua ukutani kwake likiwa bado na gundi mbichi, limemnata hadi kwenye kiwiko. Nikadhani anakuja kunigombeza kwa kubandika bila ruhusa. Akapiga meza akasema, "Nani alimruhusu afe? Hajaniomba msamaha bado. Nani alimruhusu?" Alisema hivyo mara kadhaa, kwa sauti ya ugomvi kweli, kama vile mimi ndiye niliyetoa ruhusa.

Kisha akataka tangazo lake mwenyewe, lile ambalo ndugu huweka la kuungana na msiba. Nikashika kalamu. Akasema, "Andika: ndugu yake Eustachio." Nikaandika. Nikauliza, na baada ya hapo? Akasema niandike "analia." Akasema nifute. Akasema niandike "aliyefanya naye kazi." Akasema nifute hilo pia, watu watacheka. Akaketi juu ya mafurushi ya karatasi akafunika uso kwa mikono yake yenye gundi, na mimi nikaenda nyuma kujifanya natafuta wino, kwa sababu sijawahi kuona mzee analia vile na sikujua pa kuangalia.

Ndipo kijana wa baa akapita mlangoni anapiga kelele kwamba maiti ameshuka kwenye basi la Potenza. Ndugu yako alisimama. Alicheka kidogo, halafu akakasirika kuliko mwanzo. Akaniambia, "Hukuniona hapa. Ukisema kwa mtu yeyote, namwambia Sabina akufukuze."

Basi, nimeshafukuzwa. Ahadi ile haina tena mdhamini.

Nakuomba radhi kwa sababu ulirudi nyumbani ukakuta watu wanakula msiba wako. Kwa hilo tu. Kwa yaliyobaki namsubiri mtu wa kuniomba mimi.

Ersilia Caputi


Pietralonga, 13 Machi

Mwalimu Lapolla,

Jana kwenye kikao nilisimama. Lililosemwa humo utalisikia kwa wengine, na watalitia chumvi, kwa hiyo nakupa lisilo na chumvi. Nilisema wanafunzi wanabaki. Nilisema pia kwamba mwenye gereji afungue boneti, na atakayempa mtoto ufagio na kuondoka zake aje anieleze mimi. Mwenye gereji aliniuliza tangu lini Saa Mbovu anafundisha watu kazi. Ukumbi mzima ulikufa kwa kicheko. Kwa hiyo ni kweli. Nimeishi na jina hilo bila kujua, nimemsalimia kila mtu barabarani kwa heshima zangu zote, na wote walikuwa nalo mdomoni. Nilimuuliza Bi Rosaria, akacheka mpaka goti lake likaanza kuuma upya.

Kwa Sabina nilikwenda kabla ya kikao. Hatukuzungumza kwa sauti ya kanisani. Alinidanganya usoni kwangu, mtoto niliyemshika mikononi juu ya maji ya ubatizo, na kumtwisha kosa lake binti asiye na wa kumtetea. Atamwandikia binti saa zake zote alizokwisha kufanya, na atakuja shuleni kusema kilichotokea. Asipokuja niambie.

Hizo saa zilizobaki binti azifanye kwangu. Tunaanza Jumamosi, kuna mikate ya sikukuu ya Mtakatifu Yosefu na mikono yangu miwili haitoshi. Atakanda, atapima chachu, ataunguza chache, atajifunza. Hatashika ndoo. Sitakwenda saluni. Mwambie aje na nywele zilizofungwa, na huo mdomo wake aje nao pia, tanuri lina kelele na mtu wa kunong'ona hafai.

Na usije kunishukuru. Bado nina hasira na wewe kwa ile barua ya raia mwema.

D. Scalcione


Pietralonga, 14 Machi

Eustachio,

Nasikia unaulizauliza mjini nani aliniruhusu nife. Hakuna. Niko hapa chini ya ngazi, ulipo unaweza kunisikia nikikohoa.

Aliyeniambia usimtafute. Ulimtisha kwa kazi ambayo tayari alikuwa ameshaipoteza, na ukijaribu kumtisha tena utanikuta mimi, kwa sababu kuanzia Jumamosi yuko kwenye tanuri langu. Ndiyo, nimechukua mwanafunzi. Cheka, nakusubiri umalize.

Sasa nami nina hasira zangu. Ulibandua tangazo ukutani, ukashuka ngazi zote, ukapita mbele ya mlango wangu ambao ulikuwa wazi na umejaa watu, ukaenda kulia dukani kwa Sabina. Kwa nini usiingie? Chakula kilikuwepo. Rosaria alitengeneza tambi zile unazozipenda. Ulipita mlango wa nyumba ya mama yetu kama mgeni kwa sababu ya neno nililolisema siku nyingi zilizopita mbele ya wateja.

Nilisema mkono wako unaua chachu. Nalikumbuka, usidhani nimesahau. Siku ile donge halikuumuka na watu walikuwa wamejipanga hadi chemchemini, na mimi nilitafuta wa kumtupia. Chachu iliyokufa ni ile niliyoilaza mimi karibu na dirisha, usiku wa baridi. Nilijua asubuhi ile ile. Wewe ulivua aproni ukaitundika, na mimi nikakuacha uende, kwa sababu kukuita ilikuwa lazima kwanza niseme dirisha.

Basi nimesema dirisha.

Binti wa watu amefukuzwa kwa kosa ambalo si lake, akanyamaza, halafu akaniandikia akiwa amekasirika mpaka kalamu imetoboa karatasi. Nimeisoma barua yake nikakuona wewe na aproni yako. Sikulala vizuri.

Msumari wa aproni yako bado upo ukutani. Jumamosi mikate ni mingi. Njoo unitukane ana kwa ana, maana kupitia kwa wachapaji inachelewa kufika.

Donato


Pietralonga, 15 Machi

Donato,

Nimeipata. Umeandika karatasi mbili, umemtaja Rosaria, umetaja tambi, umetaja dirisha, na lile neno moja ninalolisubiri halimo. Nimeisoma tena nikidhani limejificha. Mke wangu naye ameisoma, hajaliona.

Jumamosi nitashuka kulisikia kwa mdomo wako, mbele ya huyo mwanafunzi wako, kwa sababu ulilosema ulilisema mbele za watu. Ukishalisema nitavaa aproni. Usiposema nitachukua mkate na kupanda.

Nitakuwa mlangoni saa kumi na moja alfajiri. Nikikuta umefunga, ninakwenda moja kwa moja kwa Sabina kuandikisha lile tangazo, na safari hii halitakosa jina la utani.

Eustachio